Je, Hema ni Nyumba?

Mjini Shinyanga, katika miaka ya tisini, mtu mwenye nyumba ya matofali aliyetangaza kwamba anakwenda kulala ndani ya hema kwa hiari yake alidhaniwa kupatwa na moja kati ya mambo matatu: amefukuzwa, amefiwa, au amesikia habari za dhahabu. Mimi sikuwa nimepatwa na lolote. Nilikuwa mwalimu wa sekondari mwenye miaka thelathini na michache, mke mmoja, mabinti wawili wadogo, kabati la vitabu lililokuwa zito kuliko kitanda changu, na imani thabiti kwamba mapumziko ya mwanadamu hayana budi kupangwa kama masomo yanavyopangwa, la sivyo yanageuka uzembe. Imani hiyo ninayo hadi leo, na kila nionapo jinsi watu wa siku hizi wanavyopumzika, kila mmoja amejilaza chali na simu usoni kama kifuniko cha chungu, inazidi kukua.

Nilikuwa nimeiona picha katika jarida moja la zamani la maktaba ya shule: familia imeketi mbele ya hema kando ya ziwa, baba anasoma, mama anafuma, watoto wanachunguza majani kwa kioo cha kukuzia. Hakuna aliyekuwa akicheka ovyo. Nikasema moyoni kwamba haya ndiyo mapumziko.

Upande wa Geita, mahali ambapo msitu wa hifadhi unateremka hadi kwenye maji ya Ziwa Viktoria, palikuwa na eneo dogo lililotengwa kwa ajili ya wapumzikaji, nalo lilikuwa na mtunzaji wake. Nilimwandikia barua. Majibu yalinifikia baada ya wiki tatu, kwa mwandiko mzuri wa mtu asiye na haraka. Kila kundi la wageni lilipewa nafasi ya hema moja. Hema lazima liwe linalofungwa pande zote, kwa kuwa viboko hutoka majini jua linapozama kuja kula majani, nao hawana desturi ya kumzunguka mtu aliyelala njiani. Kulala nje ni marufuku. Nyumba ya wageni hakuna, na kijiji cha karibu ni mwendo wa nusu siku kwa miguu. Niliipenda sana barua ile. Ilikuwa na vifungu.

Hema nililipata kwa mfanyabiashara mmoja Mhindi ambaye duka lake la vifaa lilitazamana na soko. Mzee huyo alizaliwa Shinyanga, baba yake alizaliwa Shinyanga, na alijadiliana na wakulima wa pamba kwa Kisukuma kilichonyooka kuliko changu mimi niliyelelewa katika shule za bweni. Hema lenyewe lilitoka Segese, ambako watafiti fulani wa madini waliondoka wakaacha vifaa vyao viuzwe. Lilikuwa la turubai nene la kijani lililopauka, lenye nguzo mbili za bomba, mti mmoja mrefu wa mgongoni, mlango wa zipu, na pazia la katikati lililoligawa kuwa vyumba viwili. Lilikuwa limekaa stoo miaka miwili bila kuulizwa.

"Mwalimu, unakwenda kuchimba?" aliniuliza.

"Nakwenda kupumzika, mzee. Ziwani. Tutalala humo siku tatu, mimi na familia."

Akanitazama juu ya miwani. "Nyumbani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Basi pole," alisema, akianza kunikunjia turubai. "Na hilo nalo ni tatizo."

Nilirudi mtaani kwetu Kambarage nimelifunga hema nyuma ya baiskeli, na kabla sijafika mlangoni mtaa mzima ulikuwa umekwisha kuamua kwamba mwalimu ameacha chaki na kwenda Geita kutafuta dhahabu. Jirani mmoja alikuja kuniaga kwa huzuni. Mwingine alikuja kuniomba nimkumbuke nitakapofanikiwa.

Ratiba niliiandika kwa mkono wangu, katika daftari jipya, kwa kalamu za rangi mbili. Mke wangu aliisoma jikoni huku akipepeta mchele, na nilimwona mdomo wake ukianza kucheza.

"Umeandika dagaa, vikombe sita."

"Ndiyo."

"Wa kutoka sokoni hapa."

"Ndiyo."

"Na hao dagaa wa sokoni hapa wanatoka wapi, Mwalimu?"

Nilifikiri. "Ziwani."

"Kwa hiyo tunawarudisha kwao." Akageuza ukurasa. "Na hapa: saa nane na nusu hadi saa tisa, kufurahi. Tukichelewa kuanza kufurahi, utatuongezea dakika, au ndiyo itakuwa imekula kwetu?"

Mtu anayeheshimu ratiba hana budi kuzoea kuchekwa na wale watakaofaidika nayo.

Mambo yalikuwa katika hali hiyo nzuri wakati mama mkwe wangu alipoletwa mjini kutoka kijijini kwa ajili ya macho. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache, aliyezika mume na kulea watoto saba kwa jembe na ng'ombe, na aliyejua msimamo wake juu ya kila jambo kabla jambo lenyewe halijatokea. Daktari alimpima, kisha akamwambia mke wangu kwamba haikuwa mtoto wa jicho, hali inayoondolewa kwa upasuaji. Ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kinakwenda. Tayari mama alikuwa anauona ulimwengu kama mtu anayechungulia kwenye kipande cha mwanzi: penye tundu anaona vizuri kabisa, hata sindano; pembeni ni giza. Dawa zingechelewesha kidogo. Pengine miezi, alisema daktari, pengine hadi mavuno.

Lazima nieleze hapa jinsi tulivyoishi naye, kwa maana vijana wengi wanaosoma haya watadhani tulikuwa tumegombana. Kwa desturi yetu, mkwilima halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Hampi mkono, hali naye chakula, hamtazami usoni, wala hasemi naye ana kwa ana pale ambapo mtu mwingine anaweza kuubeba ujumbe. Si chuki, ni heshima iliyopewa nafasi ya kutosha. Kwa hiyo mama hakulala kwetu. Alilala kwa jirani yetu mjane, ng'ambo ya ua wa minyaa uliotenganisha viwanja vyetu, na kila asubuhi nilisimama upande wangu wa ua, nikainama, nikasema, "Shikamoo, mayu," yaani mama, nikiyaambia majani. Naye kutoka upande wake aliitikia, "Marahaba," akiyaambia majani hayohayo. Ua ule ulikuwa na adabu kuliko watu wengi ninaowafahamu.

Siku ya tatu tangu apimwe, nikiwa nimekaa uani na daftari langu, nilimsikia akisema na mke wangu ng'ambo ya minyaa.

"Hilo ziwa mnalokwenda, ni kweli halina ng'ambo?"

"Lina ng'ambo, mama, ila haionekani."

"Ambayo haionekani haipo. Mimi nimechota maji tangu nikiwa na meno ya utotoni. Lambo, kisima, mchanga wa mtoni, hata nyayo za ng'ombe. Mahali pote nilikuta watu wamenitangulia. Ningependa kuona maji ambayo hayana foleni. Kabla ya hili tundu kuzibika."

Hakusema "nipelekeni". Hakuwa mtu wa kuomba. Lakini mke wangu alirudi upande wetu akasimama mbele yangu, akalitazama daftari, akanitazama mimi, na wala hapakuwa na haja ya ujumbe kubebwa.

"Hema ni moja," nilisema.

"Najua ni moja."

"Na nje hakulaliki. Viboko."

"Najua viboko, Mwalimu. Umenisomea ile barua mara nne."

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo lilitushughulisha kwa wiki nzima, na ambalo sijawahi kuliona likijibiwa katika kitabu chochote: je, hema ni nyumba? Kama si nyumba, mkwilima na mama mkwe wanaweza kulala humo, kila mmoja upande wake wa pazia, na desturi isiguswe. Kama ni nyumba, mmoja wetu habanduki Shinyanga. Likizo ilikuwa na wiki mbili tu zilizobaki, na macho ya mama hayakuwa na likizo nyingine.

Jumapili hiyo aliwasili shemeji yangu, kaka yake mke wangu, aliyekuwa akiwauzia wachimbaji wa Geita karai, kamba na mafuta ya taa. Yeye hakuwahi kukutana na swali lisilo na jibu. Tulikaa uani baada ya ibada, mimi, yeye na mke wangu, na mama akawa ng'ambo ya minyaa akichambua mbegu za karanga, anasikia kila neno na anahesabiwa kuwa hasikii.

"Shemeji, wewe unajisumbua bure," alianza. "Kule machimboni, duarani, mkwe na mkwilima wanashuka kwa kamba moja, shimo moja, futi mia. Nani atauliza?"

"Ndiyo maana mashimo yenu yanawaangukia," nilimjibu.

"Haya, tuache duara. Nyumba ina msingi. Hema lina msingi? Halina. Linakunjwa, linabebwa mgongoni, likichafuka linafuliwa. Kitu kinachokunjwa na kufuliwa ni nini? Ni nguo! Basi hema ni nguo kubwa. Mmevaa, mmelala, mmevua, mmerudi."

Ng'ambo ya minyaa mbegu ziliacha kudondoka kwenye ungo.

"Binti yangu," ilisema sauti ya mama, "mwulize kaka yako: nimesafiri wapi, nimelewa nini, hadi nivae nguo moja na mkwilima wangu?"

Mke wangu alijifunika uso kwa kanga. Shemeji alikuna kichwa.

"Lina vyumba viwili," nilisema hatimaye, nikimwambia mke wangu. "Mwambie mama pazia la katikati ni zito, halipitishi mwanga."

"Mwulize, vyumba viwili, mapaa mangapi?"

"Moja," nilikiri.

"Basi."

Na mimi, ambaye siku zote nimetegemea vitabu nilipozidiwa, nilitegemea vitabu. Nilisoma habari za wafugaji wa jangwani, za majeshi ya kale, za manabii. Nilichotafuta ni mahali popote panaposema kwamba hema si makao kamili. Nilichokuta ni watu wa vizazi na vizazi waliozaliwa hemani, wakaoa hemani, wakapokea wageni na kuwasuluhisha majirani hemani, wakafa humo. Kadiri nilivyosoma ndivyo lile turubai la Segese lilivyozidi kuwa nyumba. Kufikia Jumatano lilikuwa karibu ikulu.

Wazo la kulikata lilikuwa langu. Naliandika hili wazi kwa sababu shemeji yangu amelisimulia katika vilabu vya Geita kama lake, na uongo haufai hata pale unapombebea mtu mwingine aibu yako. Niliamka Alhamisi nikiwa na hakika iliyong'aa: ikiwa kikwazo ni paa moja, basi tuwe na mapaa mawili. Hema lina vyumba viwili. Tukilipasua pale penye pazia, kila chumba kitapata paa lake. Mtunzaji atahesabu hema moja lililokuja vipande viwili, na desturi itahesabu nyumba mbili. Nilijiona mtu aliyeitumikia sheria ya nchi na sheria ya mababu kwa mkasi mmoja.

Fundi cherehani alifanyia kazi kwenye baraza la duka la yule mzee. Alipolitandaza turubai na kuanza kulichora kwa chaki, mzee alitoka ndani mbio, miwani mkononi.

"Mwalimu! Unalikata?"

Nilimweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, na nikaona kwamba sehemu ya mama mkwe aliielewa vizuri kuliko nilivyotarajia; alitikisa kichwa kwa heshima, akasema kwao pia kuna mambo ambayo bibi arusi hayafanyi mbele ya baba mkwe. Lakini alipolitazama turubai, uso ulimbadilika.

"Hili hema lilipigwa mvua Segese, likapigwa upepo, likapigwa vumbi la mashine, halikuchanika," alisema. "Limekuja kushindwa na elimu."

Fundi alikata. Sauti ya mkasi ule naikumbuka.

Jioni, saa kumi hivi, tulizijaribu nusu zetu uani. Shinyanga haikosi upepo katika miezi ile, nao ulikuja ukiwa na vumbi lake kama mgeni anayekuja na mzigo. Ndipo nilipogundua jambo ambalo ningeligundua mapema kama ningesoma kidogo zaidi juu ya mahema na kidogo zaidi juu ya manabii. Hema lile lilisimama kwa nguzo mbili zilizobeba mti mmoja wa mgongoni. Tulipoligawa, kila nusu ilipata nguzo moja, na mti wa mgongoni haukuwa wa mtu. Nusu ya kwanza tuliisimamisha ikasimama kama ng'ombe aliyekaa kwa miguu ya nyuma. Shemeji akaingia ndani aikaze. Upepo ukavuma. Turubai likateremka taratibu, karibu kwa heshima, likamfunika lote.

"Shemeji!" ilisema sauti kutoka chini. "Duara limetitia!"

"Tulia, usivute hapo!"

"Waambieni wachimbaji wenzangu nilikufa nikitafuta ziwa!"

Na ng'ambo ya minyaa nikasikia sauti ambayo katika miaka tisa ya ndoa yangu sikuwa nimewahi kuisikia. Mama mkwe alikuwa anacheka. Alicheka kwa pumzi fupi fupi, kama mtu anayejizuia kanisani, na kadiri alivyojizuia ndivyo alivyoshindwa, mpaka yule mjane mwenyeji wake akaanza kumpigapiga mgongoni.

Tulijaribu kila njia. Nusu zile zilikubali kusimama kwa namna moja tu, nayo ni kuegemezwa pamoja, mti ukapita juu ya zote mbili. Yaani tulipata tena hema moja, safari hii lenye ufa katikati. Wala hilo silo lililoniumiza zaidi. Nilipokuwa nikimchomoa shemeji, barua ya mtunzaji ilianguka kutoka mfuko wa shati langu, na jicho langu likaangukia maneno niliyokuwa nimeyasoma kwa sauti mara nne: linalofungwa pande zote. Pazia halikushonwa chini wala pembeni, kwa hiyo kila nusu yangu ilikuwa wazi upande mmoja, mkubwa kama mlango wa ghala la pamba. Kiboko angeingia bila hata kuinamisha kichwa.

Kulipotulia, mama alisema. Hakuwa anacheka tena, lakini sauti yake ilikuwa laini kuliko nilivyoizoea.

"Binti yangu, mwambie mumeo asihangaike tena. Amefanya kazi ya watu watatu. Ziwa ni lambo lililoshiba, lambo nimeliona. Nendeni ninyi. Mkirudi mtanisimulia."

Mke wangu alikaa juu ya turubai lile lililokatwa. Shemeji yangu akaanza kukusanya kamba bila mzaha.

Nimefundisha maadili kwa zaidi ya miaka thelathini, darasani na kwenye vikao vya ukoo, na ninajua mtu anavyopenda kuiheshimu desturi huku akitafuta namna ya kutoilipia. Wiki ile nzima nilikuwa nimejisifu kwamba naitetea heshima ya mama mkwe wangu. Nilikuwa nimeitetea kwa vitabu, kwa mkasi, kwa jasho la fundi na kwa mbavu za shemeji. Jambo moja tu sikuwa nimeligusa, nalo ni nafasi yangu mwenyewe katika ratiba. Hesabu ilikuwa rahisi tangu mwanzo: watu wawili hawawezi kulala chini ya paa lile, na mmoja wa hao wawili angekuwa na macho mwakani. Mtoto wa darasa la pili angejibu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo. Heshima isiyokugharimu kitu ni salamu tu, na salamu nilikuwa nimeyapa majani ya minyaa ya kutosha.

Asubuhi, tukinywa uji, nilimwambia mke wangu kwamba hema litashonwa upya, shemeji atashika nafasi yangu, na mimi nitabaki.

Aliweka kikombe chini. "Wewe? Ulianza kuisema safari hii kabla huyu mdogo hajaota meno."

"Nitabaki."

"Na ratiba?"

"Ratiba mtakwenda nayo."

"La, Mwalimu." Kwa mara ya kwanza tangu jana alitabasamu. "Ratiba itabaki na mwenyewe. Tusimtenganishe mtu na mwenzake."

Fundi alilishona hema mishono miwili, akasema kwamba katika kazi yake amewahi kuona watu wanaorekebisha nguo waliyoichana wenyewe kwa hasira, lakini si kwa fikra. Mzee wa dukani alimpa uzi bure. Jumamosi alfajiri walipanda lori lililopeleka shehena Geita kwa njia ya Kahama na Segese, mama akiwa kiti cha mbele karibu na dereva, kitambaa cheupe kichwani, mikono juu ya magoti kama mtu anayepelekwa kubatizwa. Nilisimama mbali, pale adabu iliponiruhusu, nikainamisha kichwa. Lori lilipoondoka nilirudi nyumbani nikagundua kwamba mke wangu ameacha dagaa mezani, vikombe vyote sita.

Niliwala kwa siku nne. Nilijaribu kuishi kwa ratiba, kwa sababu mpango mzuri hauachi kuwa mzuri kwa kukosa watu. Saa kumi na mbili niliamka. Saa mbili nilichunguza majani, ambayo yalikuwa ya minyaa. Na ilipofika saa nane na nusu nilitoa kiti uani nikafurahi peke yangu, kwa taabu kubwa, hadi saa tisa kamili. Jirani aliyepita alinisalimu akaniuliza kama naumwa.

Walirudi Jumatano, wamepauka kwa vumbi la njia nzima, watoto wakisema wote kwa pamoja juu ya kiboko aliyekohoa. Macho ya mama yalifungwa kabisa kabla pamba ya mwaka ule haijaanza kuchumwa, kwa hiyo daktari hakukosea sana. Lakini mchana ule alikuwa bado anaona, na baada ya kuoga na kunywa maji alikaa mahali pake ng'ambo ya ua. Mimi nilikuwa mahali pangu. Mke wangu akakaa kwenye pengo la minyaa, katikati yetu, akimsuka nywele binti mdogo.

"Umwambie mumeo," alianza mama, "kwamba lile si lambo."

"Amesikia, mama."

"Hajasikia. Hujamwambia."

Mke wangu akageuka akaniambia. Nikaitikia kwamba nimepokea.

"Mwambie mimi nilikuwa naliona kwa hili tundu langu, kwa hiyo halikuingia lote. Ilibidi nilisome. Nilianza kushoto, kwenye jiwe kubwa lenye ndege weupe, nikawa nasogea kidogo kidogo. Hawa walidhani nimesinzia. Sikusinzia. Mpaka walipoivisha ugali nilikuwa sijafika hata mahali inapofungwa mitumbwi."

"Tulimwita mara tatu," alisema mke wangu.

"Nilikuwa kazini. Siku ya pili nikarudi pale nilipoishia, nikakuta maji yamebadilika rangi. Jana yalikuwa ya bluu, leo ni ya majivu, yana mikunjo. Nikaona hapana, hili silo nililolianza. Nikalazimika kuanza upya kwenye jiwe."

Niliuma mdomo. Ng'ambo ya ua mama naye alikuwa ametulia kidogo, nadhani ili nipate nafasi ya kucheka bila kuonekana.

"Makaidi sana, yale maji. Hayana foleni, hilo ni kweli, lakini hayana utulivu. Yanafanya kazi mchana kutwa na sikuona yanachojenga. Siku ya tatu ndiyo niliyoipenda. Nilivuka mitumbwi, nikavuka mzee mmoja aliyekuwa anaosha nyavu, nikafika kwenye miti mitatu iliyosimama ndani ya maji. Hapo kaka yako akaja kusema lori limefika. Upande wa kulia sikuufikia. Mwambie mumeo upande wa kulia nimemwachia yeye."

Mke wangu aliacha kusuka. Akanigeukia ili anipe ujumbe ambao nilikuwa nimekwisha kuusikia, akanipa wote, tangu jiwe hadi miti, wala hakuruka neno. Nilimsikiliza hadi mwisho, kama inavyopasa. Kisha nikamwomba amuulize mama ile miti mitatu ilikuwa karibu na ufuko au mbali majini, ili nijue pa kuanzia.